Nafasi ya Watu Wawili

Fundi wa mapazia alikuwa ameshashona kila kitambaa cha kijumba namba tisa kabla hajajua kwamba kijumba kile ni cha kwake.

Miezi miwili alikuwa nacho mikononi. Mapazia ya kitani rangi ya mchanga mbichi, mto wa benchi la dirishani, foronya nne, na shuka la kufunikia godoro lililokaa juu karibu na dari, kule ambako mtu hupanda kwa ngazi ya mbao yenye droo ndani ya kila kipandio. Alishona kwa vipimo alivyoletewa kwenye karatasi, maana ndivyo kazi ilivyokwenda pale karakanani: Msanifu anachora, maseremala wanajenga, yeye anavisha. Wateja wao walikuwa watu wenye uwezo, waliochoka na majumba ya vyumba saba, wakataka kuishi kwenye mita za mraba ishirini na mbili, ila kila mita iwe ya kifahari. Sinki la jiwe jeusi, bomba la shaba, sakafu inayotoa joto asubuhi za baridi.

Kampuni iliwahi kuandika "Nyumba Ndogo za Kifahari" kwenye bango la getini. Bango halikumaliza wiki. Wanaume walipita wakicheka, wake zao wakapita bila kucheka, na mzee mmoja aliingia mpaka ofisini akauliza kama hizo nyumba ndogo zinakuja na mtu wake ndani au unamtafuta mwenyewe. Tangu siku hiyo wakaviita vijumba.

"Huyu mteja wa namba tisa ni nani, mbona msumbufu hivi?" Fundi aliwahi kuuliza. "Mara kaunta ishuke, mara taa ihamie kushoto."

"Msumbufu sana," Msanifu alijibu bila kuinua uso kwenye mchoro wake. "Lakini nitamvumilia."

Akatabasamu peke yake, na Fundi akadhani anatabasamia mchoro.

Mwaka na miezi minne walikuwa pamoja, na bado waliitana kikazi. Walianza hivyo mbele ya watu, wakaendelea hivyo wakiwa wawili, mpaka maneno yenyewe yakabadilika ladha. Msanifu akisema "Fundi" kwa sauti ya chini, amesimama nyuma ya kiti chake, mguu wa Fundi ulikuwa unasahau kukanyaga cherehani. Alikuwa mwanaume mkimya, wa miaka thelathini na minane, asiyewahi kuoa, mwenye penseli sikioni hata akienda dukani. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa, wameshakubaliana. Harusi ilibaki wiki sita.

Na Fundi hakuwa peke yake. Alikuwa na binti wa miaka tisa, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulikuwa haufungwi. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajaota jino la kwanza, akaondoka kwelikweli, hata salamu hakutuma tena. Walikuwa wanaishi watatu, Fundi, Chiriku, na bibi, yaani mama yake Fundi, muuguzi mstaafu, katika vyumba viwili na baraza.

Jumamosi ile asubuhi Msanifu alimpigia simu. "Njoo utundike mapazia ya namba tisa. Mwenye nyumba anakuja kuiona."

Fundi akaja na mapazia yake kwenye mfuko mkubwa, yamepigwa pasi na kukunjwa, kila moja na karatasi yake ya kusema ni la dirisha gani. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kama kawaida. Mlangoni mwa kijumba akamkuta dada mkubwa wa Msanifu, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, amekaa kwenye kipandio cha kwanza amevaa gauni la kutokea, simu mkononi.

"Karibu, wifi yangu," alisema huku akijisogeza ampishe. "Ingia wewe kwanza. Mimi napiga picha tu."

"Picha za nini tena, wifi? Mimi nimekuja kufanya kazi, hata nywele sijachana."

"Ingia bwana!"

Fundi akaingia. Alishakanyaga vijumba vinane kabla ya hiki, lakini hiki kilimpokea tofauti, na mwanzoni hakujua kwa nini. Akaweka mfuko juu ya kaunta, na mkono wake ukatua pale bila kunyanyuka. Kaunta ilimfika chini kidogo ya kiwiko. Yeye ni mwanamke mfupi. Maisha yake yote amepika mabega juu, kama mtu anayechungulia dirishani mwa jirani. Akapapasa lile jiwe jeusi. Akageuka. Ukutani kulikuwa na ubao uliofungwa kwa ndoano ya shaba. Akaufungua, ukashuka taratibu ukawa meza, na katikati ya meza kulikuwa na tundu lililochongwa kwa umbo la cherehani yake, ile ile, mpaka ule upande uliobenuka kidogo.

Akasimama akitazama lile tundu.

"Taa iko kushoto," Msanifu alisema nyuma yake. Hakuwa amemsikia akiingia. "Kwa sababu ukishona unainamia kushoto. Saa kumi jioni bega linaanza kukuuma, unalikanda kwa mkono wa kulia ukidhani hakuna anayekuona."

"Msanifu..."

"Mteja msumbufu ni wewe."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, na Msanifu akamkumbatia hivyo hivyo na viganja vyake, akinukia vumbi la mbao na sabuni. Nje wifi alikuwa anashangilia na simu yake. Msanifu akamzungusha kijumba kizima akimshika kwa vidole viwili vya mkono, kama anayemwongoza mtu aliyefumba macho. Droo ya kipandio cha tatu ilikuwa ya nyuzi, imegawanywa vijichumba arobaini. Kioo cha bafuni kilikuwa kwenye usawa wa macho yake. Viatu vyake, saizi thelathini na sita, vilikuwa na rafu yao. Akampa ufunguo, mdogo, wa shaba, ameufungia uzi mwekundu.

Hakuna mtu aliyewahi kumtazama Fundi kiasi kile. Alijisikia kama mtu aliyesomwa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na msomaji hajachoka. Kama angekufa dakika ile, angekufa anapendwa.

Akakaa kwenye benchi la dirishani apumue kidogo. Hakukaa ili atafute kosa. Ila macho ya fundi hayapumziki, yanazunguka yenyewe. Yaliona ndoano mbili nyuma ya mlango. Yaliona viti viwili vinavyokunjwa. Bafuni taulo mbili kubwa. Juu, godoro la watu wawili. Mkono wake ulikuwa umekaa juu ya mto wa benchi alioushona mwenyewe, na vidole vikakumbuka kipimo bila kuulizwa: sentimita mia na kumi. Wiki tatu zilizopita alikuwa amempima Chiriku sare ya shule. Chiriku alikuwa na mia na thelathini na nne, amesimama kwa vidole ili azidi.

"Msanifu," alisema, bado anatabasamu, maana tabasamu lilikuwa halijapata habari. "Chiriku atalala wapi?"

Msanifu akashika penseli sikioni kana kwamba inadondoka. "Akija, benchi hilo linatosha."

"Akija?"

"Akija kutembea. Wikendi."

"Benchi hili halimtoshi. Nimeshona mto wake mimi."

"Tutaona namna. Watoto wanajikunja."

Fundi akamtazama. Mwanaume huyu aliyejua saa ambayo bega lake huanza kuuma alikuwa anamwambia kwamba watoto wanajikunja.

Wifi akaingiza kichwa mlangoni, simu bado juu. "Kwani hayo si mlishayamaliza? Mama yako si alishakubali mtoto abaki kwake?"

Kijumba kikawa kidogo ghafla. Msanifu alifumba macho, na kule kufumba ndiko kulikomjibu Fundi kabla ya maneno.

"Wewe ulienda kwa mama yangu?"

"Nilienda kwa heshima zote. Nilimweleza hali. Mama akaelewa."

"Lini?"

"Kabla sijaanza kuchora."

"Nyuma yangu."

"Sikutaka ubebe wewe mzigo wa kuamua. Nilitaka kila kitu kiwe tayari, wewe uingie tu upumzike. Umechoka, Fundi. Mimi nakuona ulivyochoka."

"Ukapanga na mama yangu mwanangu awekwe wapi, kama kabati."

"Usiseme hivyo." Sauti yake ilikuwa bado ya chini. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema nini?"

"Siku ile ya mvua. Umeme umekatika, watu wote wameondoka, tumekaa pale kwenye marobota ya sponji. Nilikuuliza unataka nini maishani. Ukasema, natamani siku moja niishi mahali ambapo hakuna anayeniita mama. Ulisema, Fundi. Mimi sikuyatunga."

Fundi alikuwa ameyasema. Chiriku alikuwa na homa wiki ile, na yeye alikuwa hajalala siku tatu, na mwanaume huyu alikuwa amemshika mguu akimvua kiatu kilichoingia maji. Aliyasema kama mtu anavyosema nitakufa kwa njaa, halafu akala, akasahau.

"Nilikuwa nimechoka," alisema.

"Mimi najenga ninachoambiwa."

"Basi ungeniuliza mara ya pili! Kaunta uliniuliza mara ngapi, ukijifanya ni ya mteja? Iwe ya sentimita themanini na mbili au themanini na nne? Mara nne! Mwanangu mara ngapi?"

Wifi alikuwa ameshaingia ndani, na watu watatu walipokuwa ndani ya kijumba kile hapakuwa na pa kugeukia. "Tuongee kama watu wazima, wifi. Mwanaume amekujengea nyumba mpaka urefu wa kiwiko chako. Wangapi wanapata? Na yule mtoto ana ukoo wa baba yake, hatukumleta sisi duniani. Kubaki na bibi yake si kutupwa. Mimi nimemlea huyu mdogo wangu, sikutaka aanze maisha kwa kulea wa mwenzake. Nilimwambia hivyo, na sioni aibu kukwambia."

"Asante, wifi. Angalau wewe umeniambia."

Akasimama. Akaondoka bila kutundika pazia hata moja, utepe bado shingoni, ufunguo umembana kiganjani. Msanifu alimfuata mpaka kwenye kipandio cha mwisho, akasema "Fundi" kwa sauti ile ile, na miguu ya Fundi ikataka kusimama. Akailazimisha.

*

Mama yake alikuwa barazani anakunja nguo zilizokauka. Alikuwa na namna yake ya kukunja, ya hospitali, kona kwa kona, na alipomwona binti yake anaingia getini mapema vile, uso mzima umevimba, hakuuliza kuna nini. Aliendelea kukunja.

"Umeshaambiwa," alisema.

"Kwa hiyo ni kweli, mama."

"Alikuja Jumatano moja, wewe uko kazini. Akavua viatu mlangoni, akakaa hapo ulipo. Akasema anakupenda lakini kulea hawezi, na hataki kukudanganya."

"Hataki kunidanganya, akaja kukwambia wewe!"

"Aliogopa utamkataa."

"Na wewe ukamgawa mwanangu."

"Nimgawe kwa nani?" Mama akaweka shuka chini. "Mtoto yuko wapi? Si yuko hapa hapa? Miaka tisa ninamwamsha, namwogesha, namsindikiza shule wewe ukiwa umeinamia cherehani. Nani alimgawa kwa nani?"

Hilo lilimchoma Fundi mahali pasipo na ngozi. Akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Sikiliza," mama akasema, sasa taratibu. "Baba yako alipofariki nilikuwa na miaka thelathini na moja. Walikuja wanaume wawili, wa heshima zao. Mmoja mpaka leo nikipita dukani kwake ananiinukia. Wote niliwakatalia kwa ajili yako. Nilisema mwanangu hatalelewa na mwanaume mwingine. Watu wakanisifu kweli, wakaniita mama wa chuma. Wakishanisifu wanarudi kwao kulala na waume zao. Ungetaka nikutakie wewe hayo? Una miaka thelathini na minne, una mtoto, mgongo unaanza kukuuma. Anakuja mtu anakupenda mpaka anakupima kiwiko, halafu mimi niseme hapana?"

"Ungesema Chiriku anakwenda na mimi."

Mama akachukua soksi ya mtoto, akatafuta mwenzake kwenye rundo, hakumpata, akabaki ameishika.

"Na ukimchukua," alisema, "mimi niongee na nani? Na kuta?"

Fundi alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza siku nyingi. Shingo iliyokonda, miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi pembeni. Kila mtu alikuwa amejipimia sehemu yake, alifikiri. Msanifu amejipimia mke, wifi amejipimia mdogo wake, mama amejipimia mjukuu. Na mimi nilijipimia usingizi.

Alitaka kusema neno, Chiriku akaingia kutoka kwa jirani, kamba ya kurukia begani, magoti yote vumbi. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mmegombana kwa sababu ya kijumba?"

Bibi akainamia rundo la nguo.

"Wewe kijumba unakijuaje?" Fundi aliuliza.

"Bibi aliniambia. Kina ngazi yenye droo. Nitakuwa nakuja Jumapili." Akamgeukia bibi yake haraka. "Mimi sikusema, bibi. Wamesema wenyewe."

"Alikwambia lini?"

"Kabla ya mtihani. Kabla ya ule wa kwanza."

Miezi miwili. Mtoto huyu ambaye hakuweza kukaa na habari ya paka wa jirani kuzaa bila kuimwaga kabla hajavua mkoba, miezi miwili alikaa na hii.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Bibi alisema ukijua utahuzunika, hutaolewa." Chiriku alinyoosha mgongo, akasema kwa fahari ya mtu aliyefaulu, "Sikumwambia mtu hata mmoja. Na nimeshazoea, mama. Si unaona siku hizi nalala kwa bibi? Silii."

Fundi alikuwa ameona. Alikuwa ameona mtoto ameacha kumwomba nafasi kitandani, akasema moyoni, anakua sasa, na akafurahi kulala amejinyoosha. Kumbe alikuwa anafanya mazoezi.

Akamvuta, akamkumbatia na kamba yake na vumbi lake. Mtoto akakubali kwa muda, halafu akasema, "Mama, unanibana." Nyuma yao bibi alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa ile soksi moja.

*

Jumapili nzima nyumba ilikuwa na salamu na hakuna mazungumzo. Fundi asingependa mtu ajue aliyoyawaza siku ile. Aliwaza kwamba kutoka kijumbani mpaka kwa mama ni mwendo wa dakika ishirini. Aliwaza kwamba angekuja kila jioni, akague daftari, arudi. Aliwaza ni watoto wangapi wamelelewa na bibi zao na wamekuwa watu. Mara mbili alichukua simu ampigie Msanifu amwambie sawa, na mara zote mbili kilichomzuia si wema, ni hasira tu, kwamba alikuwa amefanywa achague na watu ambao walishamchagulia.

Jumatatu asubuhi akaenda karakanani mapema, kabla maseremala hawajafika. Msanifu alikuwa ofisini. Hakuwa amenyoa. Meza yake ilikuwa imejaa karatasi, na alipomwona aliinuka haraka mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Nimeibadilisha," alisema. "Njoo uone. Nimeichora upya tangu jana."

Akamtandazia mchoro. Chini ya godoro la juu, palipokuwa na meza ya cherehani, sasa kulikuwa na kitanda kinachovutwa, chenye urefu wa mita moja na sabini.

"Meza yako itabidi itoke. Nitakujengea kibanda cha kazi nje, kwa pembeni. Atakua mpaka afike hapa bado kinamtosha. Nimepiga hesabu."

Kilikuwa kizuri. Hata kwa uchovu ule alichora vizuri, dirisha dogo juu ya kitanda, rafu ya vitabu. Moyo wa Fundi ulifanya kitu cha kijinga, ulisimama kama mtu aliyeitwa. Akainamia karatasi. Juu ya kitanda, kwa maandishi yake yale madogo yaliyonyooka, alikuwa ameandika: mtoto.

"Msanifu, mwaka na miezi minne. Umewahi kumwita jina lake hata siku moja?"

Msanifu akalitazama lile neno kwenye mchoro.

"Hata Chiriku, ambalo kila mtu mtaani anamwita. Nimekaa jana nikikumbuka. 'Mtoto hajambo.' 'Mtoto amekula.' Wala hukuwa mkali kwake. Ulikuwa unampita tu, kama mtu anavyopita kiti."

Msanifu akakaa. Akaitoa penseli sikioni akaiweka mezani, akainyoosha iwe sambamba na ukingo wa karatasi.

"Niliogopa," alisema. "Nikimwita ataitika. Akishaitika..." Akapangusa uso. "Nikwambie ukweli?"

"Mwambie mtu mmoja katika jambo hili ukweli kabla hajausikia kwa wengine. Nami niwe huyo."

"Simpendi, Fundi. Simchukii, Mungu ni shahidi, lakini simpendi. Nimejaribu. Nikimtazama namwona yule mwanaume aliyekuwa na wewe kabla yangu. Najua si kosa lake. Wewe nakupenda mpaka naogopa. Yeye nitajifunza. Nipe muda, nitajifunza."

Nje maseremala walikuwa wameanza kuingia, wanataniana, mmoja anamwuliza mwenzake kama amelala kwake au nyumba ndogo, wote wakaangua kicheko.

"Ningeweza kukusubiri mimi," Fundi alisema. "Mimi ni mtu mzima, ningekaa hapo mlangoni nikisubiri unipende, ningeweza. Nilishawahi kumsubiri mtu. Lakini yeye? Alale kwenye hicho kitanda, mita mbili kutoka kwako, akisubiri ujifunze? Chumba chenyewe hakina hata pa kujifichia. Kila asubuhi atakutazama usoni aone kama leo umeshafika."

"Watu wanabadilika."

"Ameshaanza kujifundisha kulala bila mimi, Msanifu. Ana miaka tisa. Miezi miwili anajifundisha, ili mimi na wewe tufurahi. Sitamtafutia somo lingine."

Akatoa ufunguo mkobani, akauweka juu ya mchoro. Msanifu aliutazama, hakuugusa.

"Ungeniambia mwanzoni kabisa," Fundi akaongeza, "pengine tungeagana tukiwa bado tunapendana kidogo. Ukangoja mpaka ukanijengea. Sasa nitaishi nikijua kuna nyumba moja duniani inayonitosha, na humo anakaa mtu mwingine."

"Sitaiuza."

"Utaiuza. Usiigeuze kaburi. Mapazia yako pale pale kwenye mfuko, juu ya kaunta. Kila moja lina karatasi yake. Yapigwe pasi tena, yatakuwa yamejikunja. Kazi ya namba kumi nimebakiza foronya, nitazileta Alhamisi, halafu nitatafuta pengine."

"Fundi." Alikuwa amesimama tena, na sasa hakuwa anaficha machozi. "Huyo mtoto atakua. Miaka tisa mingine, kumi, ataondoka na maisha yake kama wote wanavyoondoka. Utabaki peke yako kwenye vyumba vile viwili, na mimi sitakuwepo."

"Najua," alisema. "Juzi nilimwona mama."

Akamtazama mara moja, sana, kuanzia zile nywele zilizoanza kuota mvi juu ya masikio mpaka mikono ile, kwa sababu alijua atavihitaji baadaye, na akatoka.

Uwanja wa karakana ulikuwa na hatua labda sitini mpaka getini. Fundi alizitembea polepole kuliko alivyowahi kuzitembea. Alijiambia ni kwa sababu ya matope. Maseremala walimsalimia, akaitikia. Alipita namba kumi, akapita tela tupu, akapita rundo la mbao lililofunikwa turubai, na masikio yake yote yalikuwa nyuma. Alikuwa anajua kabisa kwamba akiitwa hatageuka, na alitaka aitwe. Mlinzi alifungua geti, akasema, "Mapema leo, fundi?" Akasema, "Mapema, baba." Barabara ilikuwa tupu, lakini alisimama pale ukingoni kama anayesubiri gari lipite. Akahesabu mpaka ishirini. Akahesabu tena. Nyuma yake, kule ndani, msumeno wa kwanza wa siku ukaanza kulia, ukafuatiwa na wa pili, na karakana yote ikajaa kelele za kazi, kiasi kwamba sasa hata kama Msanifu angemwita, asingesikia.

Akavuka.